Daftari la Grambling

Wenye maduka husema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilikusudiwa biashara, walakini maana yake yapita mipaka ya duka. Jasho la mtu ni mali, na sifa yake ni mali. Vyote viwili hupotea vikikosa mwandishi. Lakini liko jambo la pili ambalo methali haikuligusa: daftari likiisha kuandikwa, ni nani mwenye haki ya kufuta mstari uliomo ndani yake? Katika insha hii nakusudia kulipima swali hilo kwa daftari moja la michezo, nalo ni la mpira wa Kimarekani wa chuo cha Grambling, katika jimbo la Louisiana.

Huenda msomaji akastaajabu kuona hesabu za mpira zikiletwa mbele ya wanachuoni. Na ajue kwamba huko Marekani mchezo huu ulizaliwa vyuoni. Hesabu yake huanzia mwaka 1869, Rutgers walipopambana na Princeton, na tangu hapo kila chuo kimeandika kila ushindi na kila ushinde wake. Timu huwa na watu 11 uwanjani. Mpira wenyewe una ncha mbili, nao huchukuliwa mikononi zaidi ya kupigwa kwa mguu. Mchezo huu ni wa nguvu na maumivu, hivyo timu ya chuo hucheza mara kumi hivi tu kwa mwaka. Mwalimu atakaye kushinda mara 400 hana budi kushinda mara 10 kila mwaka kwa muda wa miaka 40. Ndiyo maana hesabu kubwa katika daftari hili ni umri wa mtu mzima.

Mwaka 1941 Eddie Robinson, kijana wa miaka 22, aliajiriwa kuifundisha timu ya chuo hicho. Kabla ya hapo alifanya kazi katika kinu cha chakula cha mifugo mjini Baton Rouge. Chuo kilikuwa cha watu weusi, kidogo, kilichoanzishwa mwaka 1901. Jina la Grambling kilikuwa bado hakijapewa, kwani kililipata mwaka 1946. Mshahara wa Robinson ulikuwa dola 63 na senti 96 kwa mwezi. Kwa fedha hizo alikuwa mwalimu, mkata nyasi, mchora mistari ya uwanja na mfunga viungo vya walioteguka. Mchezo ulipokwisha, ni yeye pia aliyeandika habari zake na kuzipeleka magazetini.

Mwaka wa kwanza timu yake ilishinda mara 3 na kushindwa mara 5. Mwaka wa pili, 1942, ilishinda michezo yote 9, na wapinzani wake hawakupata hata pointi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Miaka ya 1943 na 1944 daftari ni tupu, kwa kuwa vita vilikuwa vimewachukua vijana. Kisha kazi ikaendelea mpaka 1997. Robinson alipostaafu, jumla yake ilikuwa hii: kushinda 408, kushindwa 165, kutoka sare 15. Katika michezo 588, alishinda karibu saba katika kila kumi. Hapana mwalimu wa daraja la kwanza la vyuo aliyekuwa amefika huko kabla yake.

Hizo ndizo hesabu. Yafaa sasa tuulize zimeacha nini nje.

Daftari lasema kuwa timu ilisafiri na kushinda. Halisemi kuwa mwalimu aliwachukulia wachezaji wake chakula cha njiani, kwa sababu hoteli za Kusini hazikuwapokea watu weusi. Daftari lawataja wapinzani waliokutana na Grambling. Haliwataji wale waliokataa kukutana nao. Katika sehemu kubwa ya maisha ya Robinson, vyuo vikubwa vya wazungu wa Kusini havikucheza na vyuo vya weusi, wala havikuwaandikisha weusi katika timu zao. Alabama, iliyosifiwa kuliko zote, haikuwa na mchezaji mweusi katika timu yake kubwa mpaka mwaka 1971. Mwalimu wa Alabama, Paul Bryant, alistaafu mwishoni mwa 1982 akiwa na ushindi 323. Tarehe 5 Oktoba 1985, mjini Dallas, Robinson aliwashinda Prairie View 27 kwa 7, na huo ukawa ushindi wake wa 324. Mara wakatokea watu waliosema kuwa ushindi wa Robinson hauwezi kulinganishwa na wa Bryant, kwa kuwa wapinzani wake walikuwa wanyonge zaidi. Hoja hiyo ina kasoro kubwa. Aliyefunga mlango hawezi kumlaumu aliyeko nje kwa kutoingia. Tena kipimo kingine kilikuwapo: wachezaji zaidi ya 200 wa Robinson walipata nafasi katika mpira wa kulipwa. Wa kwanza wao, Paul Younger, aliingia mwaka 1949. Na mwaka 1988 Doug Williams aliiongoza timu ya Washington kuishinda Denver 42 kwa 10 katika fainali ya taifa, akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza timu yake kutwaa kombe hilo katika nafasi ya mrusha mpira.

Magazeti makubwa yalinyamaza kwa muda mrefu. Mtu aliyeuvunja ukimya huo alikuwa Collie Nicholson, mwandishi wa habari wa chuo tangu 1948, ambaye aliyapelekea magazeti ya watu weusi nchini kote habari za kila mchezo. Ni katika juhudi hizo kwamba Grambling ilikwenda New York mwaka 1968, kucheza na Morgan State katika uwanja wa Yankee mbele ya watu zaidi ya 60,000. Grambling ilishindwa siku ile, 9 kwa 7. Basi siku iliyokitangaza chuo hicho kuliko siku nyingi za ushindi imo daftarini kama ushinde tu, mmoja katika ule 165. Atakayesoma jumla bila kusoma historia hataiona.

Naja sasa kwenye swali la kufuta. Robinson alifariki mwaka 2007, lakini nafasi yake daftarini haikutulia. Tarehe 29 Oktoba 2011 Joe Paterno, mwalimu wa Penn State tangu 1966, aliwashinda Illinois 10 kwa 7, akapata ushindi wake wa 409. Marehemu akashuka nafasi ya pili. Juma moja baadaye, msaidizi wa zamani wa Paterno alikamatwa kwa kuwanajisi watoto. Paterno akaondolewa kazini mwezi ule ule wa Novemba, akafa Januari 2012. Msaidizi huyo alihukumiwa kuwa na hatia Juni 2012. Tarehe 23 Julai, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilitoza chuo dola milioni 60 na kukifutia ushindi wake wa tangu 1998. Paterno alipoteza ushindi 111, akabaki na 298. Robinson, aliyekuwa kaburini miaka mitano, akapanda tena. Kisha tarehe 16 Januari 2015, kwa mapatano ya kumaliza kesi, ushindi ulirudishwa, naye akashuka mara nyingine. Katika mabadiliko yote hayo, 408 yake haikuongezeka wala kupungua.

Waliofuta walikuwa na hoja nzito. Walisema si haki kwa heshima ya mchezo kusimama juu ya machozi ya watoto, na kwamba waliodhulumiwa hawastahili kuiona dunia ikiwapigia makofi walionyamaza. Hapana mtu mwenye moyo atakayeidharau hoja hiyo. Lakini tazama kilichotokea daftarini. Kwa kanuni yao, ushindi uliofutwa haukuhamishiwa kwa mpinzani. Illinois walibaki wameshindwa katika mchezo ambao hapana aliyeushinda. Hesabu ya namna hiyo haimsaidii mtoto aliyeumizwa, wala haimwelezi msomaji wa kesho kwa nini mstari ni mtupu.

Heshima na tukio ni vitu viwili. Heshima hutolewa na watu, na watu waweza kuiondoa: sanamu ya Paterno iliondolewa Julai 2012, na hilo lilikuwa jambo la haki yao. Tukio halikutolewa na mtu, wala hapana awezaye kulirudisha nyuma. Dawa ya daftari lenye aibu ni kuandika aibu yenyewe pembeni mwa hesabu, kwa wino ule ule, ili asomaye ushindi asome na hatia. Huo ni mzigo mzito zaidi kwa wenye makosa kuliko kufutiwa. Maana kufuta humpunguzia mkosaji sifa, lakini humpunguzia pia ushahidi.

Historia ya Grambling yatuonyesha kwa nini jambo hili ni kubwa kuliko mpira. Watu wake walidhulumiwa kwa kuachwa nje ya maandishi ya wengine. Dhuluma hiyo haikuhitaji uongo. Ilitosha mwandishi kunyamaza. Basi anayefuta kwa nia njema hutumia chombo kile kile kilichotumiwa kwa nia mbaya, naye humwachia atakayemfuata desturi ambayo hawezi kuidhibiti. Leo hufutwa kilichochukiza. Kesho hufutwa kilichowachukiza wenye nguvu.

Wanafunzi wa historia watakutana na madaftari mengi: ya kodi, ya sensa, ya mahakama, ya shule. Wayasome kwa maswali mawili. Kwanza, ni nani ambaye hakuruhusiwa kuingia katika hesabu hii? Pili, ni nini kilichofutwa, na kwa amri ya nani? Wakipata jibu, wasiondoe neno; waongeze. Ushindi 408 wa Robinson utaeleweka vema pale mtu atakapoandika kando yake chakula cha njiani, milango iliyofungwa, na siku ile ya New York aliyoshindwa kwa pointi mbili.