Kabla ya Zoom kulikuwa na simu ya upepo

Ndani ya juma moja la Machi 2020, Kenya, Tanzania na Uganda zilifunga shule na vyuo kwa sababu ya korona, na tangu hapo imekuwa desturi kuhesabu umri wa darasa la mtandaoni kuanzia mwezi ule. Kwa masomo mengine hesabu hiyo inaweza kusameheka. Kwa masomo ya afya haikubaliki, kwani wauguzi, matabibu na madaktari wa Afrika Mashariki walikwisha kuelekezwa kazi kwa mawasiliano ya mbali tangu enzi ambazo kompyuta moja ilijaza chumba kizima. Hoja si kugombea nani alitangulia. Anayeanza kuhesabu mwaka 2020 huishia kudhani kwamba ubora wa darasa la namna hii hupimwa kwa kasi ya intaneti na ung'avu wa picha, na fedha zikipatikana huzielekeza huko. Historia ndefu inasema vingine. Vyombo vilivyofundisha vizuri mara nyingi vilikuwa vyembamba na vya bei nafuu, na kilichovipa nguvu ni kwamba mwanafunzi aliweza kuuliza kwa njia ileile aliyofundishiwa, akajibiwa.

Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliasisi huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo ni shirika la Amref. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 shirika hilo lilianza kufunga simu za upepo katika hospitali za misheni na vituo vya mbali, zote zikizungumza na Nairobi. Zilifungwa ili ziite ndege, lakini ndege ni ghali, hivyo swali la kwanza la daktari aliyeko mjini halikuweza kuwa lingine ila hili: je, mgonjwa anaweza kutibiwa hapohapo alipo? Ili lijibiwe, mhudumu wa kituo alieleza dalili, akaulizwa amepima nini, akaelekezwa cha kupima tena. Mafunzo ya kitabibu wodini hufuata utaratibu huohuo, ila hapa hapakuwa na wodi moja wala picha yoyote. Tena simu ya upepo haina faragha. Mwenye redio kwenye masafa yaleyale husikia yote, kwa hiyo kisa cha kituo kimoja kiliweza kuwa somo kwa vituo vingine. Kasoro hiyo ya faragha tutairudia, maana bado inatuandama.

Tanzania ilionyesha mwaka 1973 kwamba hata redio ya kawaida, isiyo na njia ya msikilizaji kujibu, inaweza kutengenezewa njia hiyo. Kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili. Si darasa la chuo, na wapo watakaosema haipaswi kutajwa hapa. Lakini angalia ilivyopangwa. Matangazo ya Radio Tanzania yalisikilizwa katika vikundi, kila kikundi kilikuwa na kitabu na kiongozi aliyefunzwa, na viongozi hao walikuwa kiasi cha 75,000. Baada ya kipindi kikundi kilijadili, kikaamua la kufanya, kikaenda kuchimba choo au kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Redio peke yake ingekuwa hotuba tu. Waliopanga kampeni ile walilijua hilo, wakaweka nguvu kubwa kwa watu waliokaa na wasikilizaji kuliko kwenye mtambo wa kurushia matangazo. Mipango mingi ya masomo kwa televisheni na kwa video iliyokuja baadaye ilikuwa na vifaa bora zaidi na haikuwa na busara hiyo.

Marekani na Kanada zilipita njia nyingine kabisa, ya fedha nyingi. Taasisi ya magonjwa ya akili ya Nebraska, mjini Omaha, ilitumia televisheni ya pande mbili mwaka 1959 kuwaonyesha wanafunzi wa udaktari wagonjwa waliokuwa mahali pengine chuoni, na mwaka 1964 ikaunganishwa na hospitali ya Norfolk iliyo umbali wa kilomita 180 hivi. Mwaka 1974 setilaiti ya NASA iitwayo ATS-6 ilirushwa, na Chuo Kikuu cha Washington kikaitumia kufundisha wanafunzi wa udaktari walioko Fairbanks, Alaska, kwa picha na sauti. Mwaka uliofuata setilaiti ikahamishwa kuihudumia India, ikakaa angani juu ya magharibi mwa Kenya huku matangazo yake yakielekezwa kwenye vijiji kama 2,400 vya Wahindi. Sisi tuliokuwa chini yake hatukupata kitu. Alaska ilipoondokewa na picha, mpango wenyewe wa kuwasomesha madaktari mbali na Seattle haukufa. Uliendelea kwa sababu ulikuwa na walimu na hospitali za mafunzo huko huko majimboni, na hadi leo upo.

Funzo kubwa zaidi lilipatikana Newfoundland. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Memorial kilipewa miezi michache ya kutumia setilaiti ya Kanada iitwayo Hermes, kikarusha masomo kwa televisheni kwenda hospitali za mbali, nazo zikijibu kwa sauti. Muda ulipokwisha, Dk. Maxwell House, bingwa wa mishipa ya fahamu aliyesimamia kazi hiyo, pamoja na wenzake, walipima kipi kilichosaidia. Wakaiacha televisheni. Wakajenga mtandao wa simu za kawaida uliounganisha hospitali nyingi kwa wakati mmoja kwa sauti tu, na msimamo wao ukawa kwamba chombo rahisi kinachotosheleza kazi ndicho cha kuchagua. Uamuzi huo ulifanywa katika nchi tajiri, yenye setilaiti yake. Mwaka 1985 njia hiyo ilifika kwetu: Memorial iliunganishwa na Nairobi na Kampala, madaktari wakajadiliana kwa sauti, na vipimo vya mawimbi ya ubongo vikatumwa Kanada kwenda kusomwa. Uganda wakati huo ilikuwa vitani. Kama mpango ungetegemea studio na kamera, sidhani ungeanza hata siku moja.

Kisha ikaja barua pepe, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo maneno "mtandaoni" na "masomo ya afya" yalipoanza kukutana katika bara hili. Bernard Lown, daktari wa moyo wa Harvard aliyeasisi pamoja na Mrusi Yevgeny Chazov jumuiya ya madaktari wapinzani wa silaha za nyuklia, iliyopewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1985, alikuwa na wazo kwamba anga litumike kwa kitu kingine zaidi ya makombora. Shirika lake la SatelLife lilipata nafasi katika setilaiti ndogo iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, na kurushwa Januari 1990. Mwaka 1993 likarusha ya kwake. Setilaiti hizo ziliruka chini, zikapita juu ya kila mahali mara chache kwa siku. Zilipopita juu ya kituo zilipokea barua zilizosubiri, zikaacha zilizoletwa, zikaendelea na safari. Hakukuwa na mazungumzo ya papo kwa papo. Mtandao huo, HealthNet, ulifika Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na kwingineko, na punde mafundi wakagundua kwamba modemu na simu za usiku zilifanya kazi ileile kwa gharama ndogo kuliko setilaiti, wakahamia huko. Umuhimu wake unaeleweka ukikumbuka hali ya maktaba. Ilitajwa mara nyingi miaka ile kwamba maktaba ya udaktari ya Nairobi, iliyowahi kupokea majarida kama 300, ilibaki na 20 hivi. Kwa mhadhiri wa hali hiyo, barua ya maneno matupu inayojibiwa kesho yake ilikuwa na thamani kuliko filamu nzuri isiyoulizika.

Mambo yaliyofuata yanajulikana zaidi. Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika, kilichoanzishwa na Benki ya Dunia mwaka 1997, kilianza kwa kurusha mihadhara kwa setilaiti kutoka ng'ambo. Kilipohamia Nairobi mwaka 2002 kiliegemea mchanganyiko wa njia na vyuo vya hapahapa. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilifungua HINARI, na nchi maskini zikapata majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Mwaka 2009 nyaya za baharini zilitua Mombasa na Dar es Salaam.

Lakini kabla nyaya hazijafika, Kenya ilikuwa imekwishaanza. Ilikuwa na wauguzi wa ngazi ya cheti wapatao 22,000 waliohitaji kufikia stashahada, na kuwaita wote wakae bweni kungemaanisha kufunga wodi na kungoja miongo. Mwaka 2005 Amref, Baraza la Wauguzi, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture walianzisha masomo kwa kompyuta. Masomo yalifika kwa sidii na kwa kompyuta zilizowekwa vituoni, muuguzi akabaki kazini kwake, na mafunzo ya vitendo yakasimamiwa hospitalini. Leo mtu anaweza kuicheka sidii. Ila mwanafunzi yule alisoma usiku jambo ambalo asubuhi alilikuta kitandani mwa mgonjwa, akawa na wa kumuuliza.

Ushahidi wa kitafiti unaelekea upande huohuo. Mwaka 2008 David Cook wa Mayo Clinic na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA uchambuzi wa tafiti 201 za kufundisha fani za afya kwa intaneti. Waligundua kwamba intaneti ikilinganishwa na kutofundisha kabisa ina manufaa makubwa. Ikilinganishwa na njia nyingine za kufundisha, tofauti kwa wastani ni ndogo. Uchambuzi wao uliofuata ulitazama kinachotofautisha somo moja la mtandaoni na jingine, wakataja mazoezi, marudio, ushiriki wa mwanafunzi na kupewa majibu ya kazi yake. Mtu anaweza kupinga kwa kutaja mradi wa ECHO, ulioanzishwa mwaka 2003 na Dk. Sanjeev Arora huko New Mexico, ambao huwafundisha wahudumu walio mbali kwa video na umefana. Ni kweli. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yanaonyesha kwamba kati ya wagonjwa 407 wa homa ya ini aina ya C, virusi vilitoweka kwa asilimia 58.2 ya waliotibiwa na wahudumu wa vijijini na magerezani, na asilimia 57.5 ya waliotibiwa na mabingwa chuoni. Lakini katika kikao cha ECHO anayeanza kusema ni mhudumu wa kijijini: analeta mgonjwa wake, kisha bingwa na wenzake wanauliza. Video inayopangwa hivyo haipingani na hoja yangu. Ninachokitilia shaka ni mhadhara wa saa mbili ambao kamera za wanafunzi zimezimwa, bando linaisha, na swali la kwanza huulizwa dakika tano za mwisho.

Pingamizi zito zaidi ni la usawa: kusifu vyombo vyembamba si kuhalalisha elimu ya daraja la pili kwa maskini? Hofu hiyo ina msingi, maana wapo viongozi wanaopenda kusikia kwamba WhatsApp inatosha. Jibu la kwanza ni Newfoundland, iliyochagua sauti ikiwa na uwezo wa kupata picha. La pili ni kwamba kutotosha kwa chombo kunategemea kinachofundishwa. Upele wa ngozi na picha ya eksirei vinahitaji kuonekana vizuri, ila picha tulivu iliyotumwa jana inaonekana vilevile leo. Kushona jeraha na kumzalisha mama hakuna intaneti itakayokufundisha, iwe pana au finyu, na chuo kinachopunguza saa za wodi kwa sababu kimenunua leseni za Zoom kinawadhulumu wanafunzi na wagonjwa wao.

Faragha ndiyo sehemu ambayo historia haitupi fahari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu wahudumu wa afya ya jamii wa Kibera na Makueni ulionyesha kundi la WhatsApp likifanya kazi nzuri ya usimamizi: maswali, majibu, kutiana moyo. Lakini kundi la simu ni kama simu ya upepo, wengi husikia, na tofauti yake ni kwamba hutunza kumbukumbu. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Picha ya kidonda chenye tatuu au jalada lenye jina, ikitumwa darasani bila ridhaa ya mgonjwa, haisameheki kwa sababu ilikuwa ya kufundishia. Hili halihitaji teknolojia mpya. Linahitaji mwalimu afundishe wiki ya kwanza jinsi ya kueleza mgonjwa bila kumtambulisha.

Kilichobaki ni gharama ambayo haionekani kwenye ankara ya intaneti. Kujibu kunakula muda. Mhadhara uliorekodiwa huwahudumia wanafunzi 300 kwa bei ileile ya 30, ilhali majibu ya maswali 300 hummalizia mkufunzi jioni zake, na ratiba nyingi hazizihesabu jioni hizo kuwa ni kazi. Kampeni ya 1973 ililipa gharama hiyo kwa kufunza viongozi wa vikundi, Kenya ya 2005 kwa wasimamizi wa wodini, ECHO kwa kuwafanya wanafunzi wajibizane mbele ya bingwa. Chuo kinachoandaa bajeti ya darasa la mtandaoni kianze na mstari huo, ndipo kiulize bei ya kasi ya intaneti.