Siku, Mwezi au Mwaka: Kipi Kitangulie?

Tarehe ni jambo dogo ambalo watu hawalifikirii mpaka limewaletea taabu. Mtoto wa shule huandika pembeni mwa daftari lake 4/3 kisha mwaka, mwalimu humpa vema, na maisha huendelea. Lakini mpeleke mtoto huyo Marekani na daftari lake, naye ataambiwa kwamba kazi ile aliiandika tarehe 3 mwezi wa Aprili. Mpeleke China au Japani, ataulizwa kwa nini ameanza na siku badala ya mwaka. Siku ni ile ile na jua lililochomoza ni lile lile, ila watu hawakubaliani kitu gani kitangulie.

Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, na nimeona kwamba sisi wa Kyela na pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa tunayo sababu ya pekee ya kulitafakari. Katika kipande hiki kidogo cha nchi, kati ya Mto Songwe na milima ya Ukinga, zimepita karibu namna zote za kuhesabu siku ambazo Afrika Mashariki imezijua. Kila mgeni aliyefika alikuja na kalenda yake, akatuachia sehemu yake.

Tuanze na wenyeji. Wazee wetu Wanyakyusa hawakuwa na tarehe ya kuandikwa, lakini si kweli kwamba hawakujua kuhesabu wakati. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, wakakua pamoja na kuzeeka pamoja. Kisha, aghalabu kila baada ya miaka 30 hadi 35, ilifanyika sherehe kubwa ya ubusoka, ambapo kizazi cha wazee kilikabidhi utawala kwa kizazi cha wana wao. Monica Wilson, aliyeishi kwetu na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliyaeleza haya katika kitabu alichokichapisha mwaka 1951. Kwa hiyo mtu akitaka kujua umri wa mwenzake aliuliza kwanza: ni wa rika gani? Baada ya hapo ndipo yakaja masika au kiangazi, kupanda au kuvuna, mwezi kuandama au kupevuka, na mwisho kabisa siku yenyewe. Mzee aliyesema, “Alizaliwa wakati wa Wajerumani, mwaka ule wa vita vya Karonga, mavuno yamekwisha, mwezi umepungua,” alitaja tarehe kamili. Msomaji na aangalie mpangilio wake: alianza na kikubwa akashuka kwenye kidogo. Nitaurudia mpangilio huu baadaye.

Watu wa pwani ya bahari walifika kaskazini mwa ziwa letu kwa biashara ya pembe na watumwa. Mashuhuri miongoni mwao alikuwa Mlozi, aliyepigana na Wangonde wa Karonga kuanzia mwaka 1887 hadi aliponyongwa mwezi wa Desemba 1895. Hawa walikuja na kalenda ya Kiislamu, ambayo huanza siku mpya jua linapotua, ndiyo maana Mswahili wa pwani akisema usiku wa Ijumaa huenda anakusudia ule ambao wengine huuita Alhamisi usiku. Barua zao zilitaja siku, kisha mwezi, kisha mwaka wa Hijra. Tena walikuwa na namna yao ya kuipa miezi namba, wakianzia pale mfungo wa Ramadhani unapomalizika: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu. Huo Mfunguo Tatu, ambao mtu angeudhani mwezi wa tatu, kwa Mwarabu ni Dhulhija, mwezi wa kumi na mbili. Basi hata kabla ya kufika Mzungu, namba ya mwezi ilikuwa tayari inaweza kumpoteza mtu asiyejua imeanza kuhesabiwa wapi.

Neno tarehe lenyewe limetoka kwa Waarabu, na kwao hubeba maana mbili kwa pamoja: siku iliyotajwa, na historia. Naona hawakukosea kuyaweka mambo hayo mawili katika neno moja. Siku ikikosewa, habari nzima hupinda.

Mwaka 1891 wakaja wamisionari wa Kijerumani, Wamoravian waliojenga Rungwe na wale wa chama cha Berlin. Pamoja na Injili walileta daftari la ubatizo, na kwa mara ya kwanza mtoto wa Kinyakyusa akapata siku yake katika karatasi: namba ya siku, nukta, namba ya mwezi, nukta, mwaka. Wamoravian hasa ni watu wa tarehe, kwani tangu mwaka 1731 kanisa lao huko Herrnhut limekuwa likichapa kila mwaka kitabu cha fungu la Biblia kwa kila siku, na asiyejua leo ni tarehe ngapi hawezi kulisoma fungu la leo. Mjerumani kuanza na siku hakumpi taabu, maana hata katika kuhesabu hutanguliza kidogo: ishirini na moja yeye huiita moja na ishirini.

Mwingereza naye, ng’ambo ya Songwe, aliandika siku kwanza, ila kwa mkwaju badala ya nukta. Mpaka wa Songwe uliwekwa kwa mkataba uliosainiwa Berlin tarehe 1 Julai 1890. Andika 1.7.1890 au 1/7/1890, Mjerumani na Mwingereza wote wawili wangekuelewa. Lakini Mmarekani akiisoma karatasi hiyo hiyo atasema mpaka uliwekwa tarehe 7 Januari, karibu miezi sita kabla ya wakati wake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipotufikia, jeshi la Wajerumani lilitoka Neu-Langenburg, yaani Tukuyu, likavuka Songwe, na kupigana na Waingereza Karonga tarehe 9 Septemba 1914. Vita hivyo vilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, ingawa Lettow-Vorbeck hakupata habari hadi siku chache baadaye, akasalimisha silaha Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Angalia tarehe hizo mbili za kwanza: 9/9 na 11/11. Uanze na siku au uanze na mwezi, haziwezi kukudanganya. Ndivyo zilivyo pia sikukuu zetu mbili zinazojulikana zaidi kwa namba zake. Saba Saba ni siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954, na Nane Nane ndiyo inayowapeleka wakulima wetu Mbeya, kwenye viwanja vya John Mwakangale. Nadhani majina haya yametupumbaza kidogo. Tumezoea kuita siku kwa namba mbili, tukasahau kwamba ni siku 12 tu katika mwaka ambazo namba zake zinalingana namna hiyo.

Hesabu yake ni rahisi. Mgogoro hutokea tu pale namba ya siku inapokuwa 12 au chini ya hapo, kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Miezi 12, kila mmoja na siku zake 12 za mwanzo, zinafanya 144. Toa zile 12 zinazolingana, zinabaki 132. Kwa hiyo katika kila mwaka ziko siku 132, zaidi ya theluthi moja, ambazo zikiandikwa kwa namba tupu zinaweza kusomwa kuwa siku nyingine kabisa. Uhuru wetu, 9/12/1961, ni mojawapo: Mmarekani atasoma 12 Septemba. Uhuru wa jirani zetu wa Malawi, 6/7/1964, ni mwingine. Mabomu yaliyolipua balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi yalipigwa tarehe 7 Agosti 1998, siku moja kabla ya Nane Nane, na katika karatasi za Marekani siku hiyo huandikwa 8/7. Yale ya New York ya mwaka 2001 wenyewe huyaita tisa kumi na moja, na Mtanzania asiyejua angeyatafuta katika magazeti ya mwezi wa Novemba.

Atasema mtu kwamba haya ni mambo ya mataifa, sisi wakulima wa mpunga na kakao yanatuhusu nini? Nitamjibu kwa habari ya ukoo wetu. Mjomba wangu mmoja alibatizwa na kuandikiwa katika kadi yake 4.3 na mwaka, yaani tarehe 4 Machi. Alipoajiriwa alijaza fomu iliyochapwa kwa utaratibu wa kigeni, mwezi ukitangulia, na karani aliyenakili fomu hiyo kwenye jalada akaandika 3 Aprili. Kwa miaka zaidi ya thelathini hapakuwa na aliyeshughulika nalo. Ulipofika wakati wa kustaafu, akitimiza miaka 60, karatasi zake zikakataa kupatana. Tofauti ilikuwa siku 30 tu, lakini ofisi haikutaka kujua ni ndogo kiasi gani. Ilitaka kujua kama mwenye kadi na mwenye jalada ni mtu mmoja. Alipanda basi kwenda Mbeya mara tatu, akala kiapo mbele ya hakimu kwamba yeye ndiye yeye, na mafao yake yakachelewa wakati ambao mkewe alikuwa mgonjwa na fedha zinahitajika. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote alilazimika kuthibitisha siku aliyozaliwa, siku ambayo hakuna binadamu anayeikumbuka mwenyewe.

Tena yapo maduka ya dawa na ya pembejeo. Bidhaa hutufikia kutoka Dar es Salaam na kupitia Kasumulu, nyingine zimetengenezwa China, nyingine Ulaya, nyingine India, na kila kiwanda kimepiga muhuri wa siku ya mwisho wa matumizi kwa desturi yake. Mama anayeshika chupa ya dawa ya mtoto na kusoma 05/11 ana haki ya kujua kama ni Mei au Novemba, maana miezi sita katika joto la Kyela ni mingi kwa dawa.

Sasa ni utaratibu upi ulio na maana zaidi? Ule wa Marekani, mwezi kwanza, ni urithi wa namna ya kusema: mtu husema Julai 4, basi akaandika hivyo hivyo. Magazeti yetu mengi nayo hupenda kuandika Desemba 9, 1961, na mwezi ukiandikwa kwa jina lake hakuna madhara. Madhara huja jina linapogeuzwa namba, kwa sababu hapo mpangilio unakuwa wa katikati, kisha kidogo, kisha kikubwa, haupandi wala haushuki. Huo naushinda kwa urahisi.

Ule wetu wa siku kwanza unafaa kwa watu wanaoishi ndani ya mwaka. Mkulima anayeambiwa mkutano ni tarehe 15 hahitaji kutajiwa mwaka, na mara nyingi hata mwezi anaujua. Anachokikosa ni siku, na ndiyo anayopewa kwanza. Ni utaratibu wa mazungumzo na wa barua.

Lakini anayetunza kumbukumbu ana haja nyingine. Yeye anazo karatasi elfu, na jambo la kwanza analolitafuta ni mwaka. Wachina na Wajapani huandika mwaka, mwezi, siku, na mwaka 1988 shirika la kimataifa la viwango liliupitisha utaratibu huo kwa matumizi ya dunia nzima. Siku zikiandikwa hivyo, namba zenyewe hujipanga kwa mfuatano wa wakati bila kazi ya karani. Na msomaji asidhani hilo liko mbali naye. Achukue kitambulisho chake cha taifa atazame namba yake: tarakimu nne za mwanzo ni mwaka aliozaliwa, mbili zinazofuata ni mwezi, na mbili nyingine ni siku.

Wapo wanaolalamika kwamba huo ni ugeni. Mimi nasema ugeni uko kwingine. Kiswahili kikihesabu huanza na kikubwa: elfu moja mia tisa sitini na moja. Tukitaja wakati husema saa tatu na dakika kumi. Na wale wazee wa ubusoka, waliosema rika, kisha msimu, kisha mwezi, kisha siku, walikuwa wakihesabu kwa mpangilio huo huo kabla ya daftari la kwanza kufunguliwa Rungwe. Kutanguliza siku ndiko tulikofundishwa na wageni, tukakuzoea hadi tukakuona ni kwetu.

Basi hukumu yangu ni hii. Katika mazungumzo, barua na mialiko, tuendelee na siku kwanza, maana ndiyo desturi iliyokwisha ota mizizi. Katika kumbukumbu na majalada, tutangulize mwaka, na tuuandike wote tarakimu nne, kwa kuwa 57 peke yake haisemi ni ya karne ipi. Na popote pale ambapo haki ya mtu au afya yake inategemea siku hiyo, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, hati ya shamba, kisanduku cha dawa, mwezi uandikwe kwa jina lake. Machi haiwezi kusomwa Aprili na mtu yeyote, wa Kyela, wa Karonga wala wa Chicago. Ni herufi chache zaidi za wino, na mjomba wangu angezilipia kwa furaha.