Kuku Mgeni Asiye na Kamba



Wahenga walinena kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku ninaowasimulia juma hili hufika bila kamba, ila wana alama nyingine: manyoya yamenyonyoka, kilemba kimepauka, na miguu haijapata kukanyaga udongo. Ni kuku wa mayai wa Uingereza, ambao watu wa kawaida huwapokea na kuwafuga nyuma ya nyumba zao, pindi wenye mashamba wanapowaona hawana faida tena.

Kufuga kuku uani si jambo geni katika nchi hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mayai yaligawiwa kwa kipimo, na familia yenye kuku iliweza kuacha mgao wake wa mayai ili ipewe chakula cha kuku. Mgao huo ulikoma mwaka 1953. Taifa lililochoshwa na uhaba lilitaka mayai mengi kwa bei nafuu, na kuku wengi wakatiwa katika vizimba vya waya vilivyopangwa safu juu ya safu. Humo kuku hakuweza kukunjua mabawa, kuchakura, wala kuoga vumbi.

Mwaka 1964 mama mmoja, Ruth Harrison, alitoa kitabu kiitwacho Animal Machines, akaueleza umma jinsi mifugo ilivyogeuzwa kuwa mitambo. Mwaka uliofuata, kamati ya serikali iliyoongozwa na Profesa Brambell ilitamka kwamba mnyama apewe walau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Tazameni udogo wa haki hizo, kisha mtazame urefu wa safari: Umoja wa Ulaya ulipitisha amri ya kuviondoa vizimba vitupu mwaka 1999, na marufuku kamili ikaanza tarehe 1 Januari 2012. Hata hapo, vizimba vyenye kiota na fito viliendelea kuruhusiwa, kila kuku akipata sentimita za mraba 750, eneo linalozidi kidogo tu karatasi moja ya kuandikia.

Wakati sheria ikijikokota, mwaka 2005 Jane Howorth alianzisha huko Devon shirika ambalo leo huitwa British Hen Welfare Trust. Hakuwaendea wafugaji kwa matusi, bali kwa mazungumzo. Kuku wa biashara hufikia umri wa majuma 72 hivi, mayai yakaanza kupungua, na njia yake ya kawaida ni machinjioni. Shirika huwachukua baadhi yao, na wenye kujitolea huwagawa kwa familia zilizo tayari kuwatunza.

Wapo wasemao kwamba hilo ni tone baharini, kwa kuwa kuku wa mayai nchini humo ni makumi ya mamilioni. Hesabu yao ni sahihi. Tena kupokea si kazi nyepesi: mifupa ya kuku hawa ni dhaifu, kwa sababu chokaa nyingi ya mwili imekwisha kutumika katika maganda ya mayai, na wengine hawaishi siku nyingi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mwenye kuku hata mmoja katika Uingereza na Wales sharti ajiandikishe serikalini, kwa ajili ya kudhibiti homa ya mafua ya ndege.

Hata hivyo, yule anayempokea kuku aliyechoka humpokea bila kumwuliza atataga mangapi. Kiumbe huyo ametumika maisha yake yote kwa ajili ya meza za watu asiowajua. Sasa anachakura udongo, anaoga vumbi, anaota jua. Soko lilikwisha kulipwa, lakini deni la shukrani lilikuwa bado. Je, sisi huwatendea nini wale waliotutumikia, siku wanapokosa cha kutupatia?