Redio, Kikundi na Mashine: Mafundisho ya Kiswahili Usukumani tangu 1968

Vyombo vya kufundishia lugha kwa njia ya intaneti husifiwa hasa kwa jambo moja, nalo ni kwamba mwanafunzi hujibu, na akikosea husahihishwa papo hapo. Sifa hiyo ni ya haki. Walakini majibizano ya namna hiyo hayakuanza na mashine hizo. Katika Shinyanga, na upande wa machimbo ya dhahabu ya Geita, yalikwisha kujaribiwa zaidi ya nusu karne iliyopita, na jaribio hilo lastahili kukumbukwa.

Mnamo mwaka 1968 ulianzishwa mpango wa kisomo cha manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, wenye makao yake Mwanza. Ulihusu mikoa minne, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi. Geita siku zile ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Ilifanywa mkoa mwaka 2012. Vitabu vya kusomea vilitungwa kwa kufuata kazi za watu: kilimo cha pamba, ufugaji, uvuvi na utunzaji wa nyumba. Mkulima wa pamba alijifunza herufi na kilimo kwa pamoja, na lugha ya kitabu ilikuwa Kiswahili, ambacho kwa wengi wao hakikuwa lugha ya nyumbani.

Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya nchi nzima iliyoitwa Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio kwa muda wa majuma 12. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa sehemu ya kitabu, kisha wakajadiliana chini ya kiongozi aliyefunzwa kazi hiyo, na mwisho wakaamua la kutenda, kama vile kuchimba vyoo. Redio yenyewe haikuweza kumsikia mtu. Aliyeuliza na kujibiwa alifanya hivyo mbele ya wenziwe, na hapo ndipo somo lilipokamilika.

Kwa mwalimu wa lugha jambo hili lina uzito wake. Kisukuma kina irabu saba, na Kiswahili kina tano. Kisukuma hutofautisha maneno kwa kidatu, na Kiswahili hakifanyi hivyo. Tena Kisukuma hakipambanui l na r. Msukuma asomaye *mahari* huweza kutamka *mahali*, na *kura* ikasikika *kula*. Kiongozi wa kikundi aliyezaliwa katika lugha ile ile alikuwa na uwezo wa kulitambua kosa hilo na asili yake, wala hakulidhania kuwa ujinga.

Yatazamwe sasa majaribio ya karibuni. Somo la Kiswahili la Duolingo, lililofunguliwa mwaka 2017, lilitungwa kwa ajili ya wajuao Kiingereza. Makosa linayoyatazamia ni ya mgeni huyo. Shindano la Global Learning XPRIZE, lililomalizika mwaka 2019, lilikwenda mbali zaidi, maana liliwapa watoto wa vijiji vya Tanga kompyuta za mkononi zenye kufundisha kusoma Kiswahili pasipo mwalimu. Wengi hawakujua kusoma hata neno moja walipoanza; idadi ya hao ilipungua kwa kadiri ya nusu. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini Kisambaa, Kizigua na Kibondei, lugha za Tanga, zina irabu tano kama Kiswahili, na Pwani ni jirani. Matokeo ya huko hayatoshi kuwa dhamana ya Usukumani.

Katika miji ya machimbo watu wa makabila mengi hukutana, na Kiswahili ndicho lugha yao ya soko na ya kazi. Mtoto wa huko huingia shule akikijua. Mwenziwe wa kijiji kisicho mbali, aliyelelewa kwa Kisukuma, huingia darasa lile lile na kufundishwa kana kwamba anakijua pia, kwa kuwa Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu 1967. Huyu ndiye mwenye haja kubwa ya chombo kinachojibu. Basi watungaji wa vyombo hivyo wangeanza na orodha ya makosa yatokanayo na Kisukuma, na wangeacha nafasi ya kiongozi na kikundi kando ya mashine, kama walivyofanya watu wa mwaka 1973 kando ya redio.