Meli Kongwe na Mtambo Mpya

Msafiri atokaye Shinyanga hupita Buhongwa kabla ya kuingia mjini Mwanza. Naye mwenye safari ya Bukoba huendelea mpaka bandarini, iliko meli Victoria. Meli hii iliundwa na kampuni ya Yarrow mjini Glasgow, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu, nayo ikaanza kazi mwaka 1961. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ikawa mali ya Tanzania.

MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu walipotea. Tangu hapo abiria wa ziwa hili huuliza uzima wa chombo kabla ya nauli. Hata Victoria ikachoka, ikasimama mwaka 2014. Ingaliweza kuachwa gatini na mtambo wake wa asili, iwe ukumbusho. Badala yake injini za kale ziling'olewa, zikatiwa mpya, na mwaka 2020 ikarudi majini.

Je, ni meli ile ile? Mngurumo wa zamani umepotea, nao una wauguliao. Lakini nyumba iliyoezekwa upya haiwi ya jirani. Heshima ya chombo ni kumfikisha abiria kwao salama.