Kahawa Inataka Miaka Mitatu

Kwa wengi wetu hapa Juru, kahawa iliingia kwa babu zetu kwa amri. Katika Ruanda-Urundi ya miaka ya 1930, serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha walipa kodi wapande miti ya kahawa, na aliyeacha kuitunza aliadhibiwa. Jembe lilikuwa la mkulima, bei ilipangwa na wengine.

Uganda ni hadithi nyingine. Robusta ni mti wa huku huku. Zamani, kabla wazungu hawajafika, Waganda walitafuna buni wakati wa kufanya undugu wa damu. Baadaye ikawa zao la pesa, na pesa ikaleta matatizo yake. Mwaka 1989 mkataba wa mataifa uliokuwa unashikilia bei ulivunjika, bei ikaanguka vibaya. Halafu 1993 ukaonekana hapa Uganda ugonjwa wa mnyauko, kuvu linalokausha mti mzima, na mamilioni ya miti ikafa. Mwenye kahawa peke yake shambani alibaki mikono mitupu.

Ndiyo maana nampenda mzee mmoja jirani yetu. Miche yake ameichanganya na migomba, ambayo inaipa kivuli. Mbolea ni mavi ya ng'ombe, na majani makavu ya migomba anayatandaza chini ili udongo usikauke, maana Isingiro jua ni kali. Dawa za dukani hanunui. Yeye anaita hiyo ni kulima kama mama yake. Wataalamu wanaita kilimo hai.

Tumaini lake si la ndoto. Upande wa Sheema, magharibi ya Mbarara, vyama vya wakulima wadogo wa Ankole viliungana mwaka 2006 kuwa ushirika mmoja mkuu, wakauza nje kahawa yao wenyewe, ikiwa na cheti. Cheti ni ghali kwa mtu mmoja. Kikundi chenye wakaguzi wake wa ndani kinagawana gharama.

Ila kuna hesabu ya miaka. Mche unachukua kama miaka 3 kuzaa vizuri. Soko la Ulaya nalo linataka shamba la kahawa likae miaka 3 bila kemikali kabla ya kuitwa hai. Na sisi wakimbizi, sheria ya Uganda inatupa ardhi ya kulima, si ya kuuza wala kukodisha. Mzee anapanda mti unaoweza kuishi miaka mingi kwenye kiwanja ambacho si chake.

Ndugu zetu wa mashirika, mbegu za maharagwe mnazotuletea tunashukuru, zinaliwa msimu huo huo. Lakini mradi wa mwaka mmoja hauwezi kuona hata buni la kwanza. Tusaidieni kuunda kikundi, mkae nacho miaka mitatu. Babu zetu walipanda kahawa kwa kuogopa. Mzee huyu amepanda kwa kupenda, na hiyo peke yake ni historia mpya.