Karanga: Kizuri Hakikosi Ila

Ndugu msikilizaji, wenzetu wa Ulaya wana chokoleti. Mtoto wa Dodoma ana kashata ya karanga. Wala hajapunjwa. Karibu robo ya uzito wa karanga ni protini, na karibu nusu ni mafuta. Ndiyo maana mwaka 1947 Waingereza, waliopungukiwa na mafuta ya kula baada ya vita, walileta matrekta Kongwa ili walime karanga. Udongo ukakauka ukawa mgumu, mvua zikawa haba, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Mkulima wetu akaendelea na jembe lake.

Lakini kizuri hakikosi ila. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa. Chanzo kilikuwa mashudu ya karanga zilizoota ukungu. Hivyo ndivyo sumukuvu ilivyogunduliwa. Sumu hii huharibu ini, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016 ilibisha hodi kwetu: katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68, wakafa 20. Safari hiyo yaliyoshukiwa ni mahindi, lakini ukungu ni uleule.

Je, tuache karanga? La hasha! Tuzianike mara tu baada ya kuvuna, juu ya turubai, si juu ya udongo. Zilizosinyaa na zenye ukungu tuzitupe, tusizipeleke mashineni. Karanga mbovu ikishasagwa, ndugu msikilizaji, haionekani tena chunguni.